Lehemu Kwenye Koili

Watu walimwita Fundi Tone, kwa sababu hata umzungumzishe vipi, macho yake hayakubanduka kwenye mdomo wa bomba pombe inapoanza kudondoka. Mtambo wa kukeneka pombe ya miwa aliachiwa na baba yake: pipa la shaba, kifuniko chenye shingo ndefu, na koili iliyozama ndani ya tangi la maji baridi, ambamo mvuke ulipoa na kutoka ukiwa pombe. Wakenekaji wengine walichochea moto ili wamalize mapema. Yeye hakuwa na papara. Pombe ya kwanza kutoka, ile kali inayonuka kama rangi ya kucha, aliimwaga mtaroni bila kuionea huruma. Ya mwisho, chachu na nzito yenye harufu ya soksi mbichi, aliitenga. Aliuza ya katikati tu.

Mwenyewe hakuwa akinywa. Aliyeonja ni mumewe, fundi cherehani, ambaye cherehani yake ilikuwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Alipenda kujisifu kuwa ndiye mwanamume pekee mtaani anayetumwa kunywa na mke wake.

Msimu mmoja, miwa ikiwa imejaa hadi mlangoni na juisi imeshachachuka mapipani, koili ilipasuka. Kusubiri koili mpya kungekuwa kuiacha juisi yote igeuke siki. Fundi Tone aliifungua, akaibeba begani hadi kwa fundi wa rejeta, naye fundi huyo akaziba ufa kwa lehemu ileile anayozibia rejeta za magari. Kazi ilikuwa safi. Maji yalipita bila kuvuja, na Fundi Tone akarudi nyumbani moyo mweupe.

Pombe ya msimu ule ilisifiwa kuliko zote. Mumewe aliizungusha mdomoni, akasema ina utamu kwa mbali, mkewe sasa amepita hata baba yake. Wateja waliongezeka.

Kisha mumewe akaanza kulalamikia tumbo. Lilimkaza, akakosa choo, akakosa hamu ya chakula. Fundi Tone alishuka moyo, akijua kuwa anachoonja mumewe kinatoka mikononi mwake. Akadhani amekuwa mzembe katika kutenganisha. Akaanza kumwaga zaidi ile ya mwanzo, akaitenga mapema zaidi ile ya mwisho, akapunguza moto mpaka pombe ikawa inatoka kwa kusitasita. Kisha akaikeneka yote mara ya pili. Kila baada ya marekebisho alimpa mumewe aonje, na mumewe akasema sasa imekuwa laini zaidi.

Tumbo halikupoa. Mkono wa kulia ukaanza kulegea. Mkasi ulimponyoka, akauokota, ukamponyoka tena. Alikata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi, akacheka, halafu akalia mbele ya mteja huyo. Majina ya watoto wao waliokwisha kuoa na kuolewa akawa anayachanganya.

Hospitalini daktari aliuinua ule mkono, kiganja kikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Akatuma damu ikapimwe. Majibu yalipokuja aliuliza kama nyumbani kuna mabomba ya zamani, au mtu anayetengeneza betri.

"Ni madini ya risasi, mama," alisema. "Yamemwingia kidogo kidogo, muda mrefu."

Fundi Tone akauliza risasi inapatikana wapi. Daktari akataja rangi za kale, betri, na lehemu.

Hakusikia yaliyofuata. Alikuwa akiiona pombe yake ikipita kwenye ule ufa uliozibwa, ikiwa na moto bado na uchachu wake, ikilamba lehemu. Kadiri alivyopunguza moto, ndivyo ilivyokawia mle ndani. Kuikeneka mara ya pili kuliitakasa pipani tu, kisha ikapita kwenye koili ileile ikachukua sumu upya. Na ule utamu wa mbali haukuwa wa miwa.

"Atapona?" aliuliza.

"Tutampa dawa ya kuitoa. Mkono huenda ukarudi kidogo. Kichwa, siwezi kuahidi."

Aliibomoa koili mwenyewe, akaacha mtambo umeachama uani. Usiku na mchana mumewe alimuuliza kwa nini siku hizi hawakeneki. Alimweleza, mumewe akasahau, akauliza tena. Alichoka kumweleza kuwa ni yeye aliyemdhuru, kisha akaona aibu kwa kuchoka.

Waliobaki kuelezwa ni wateja. Akaanza kuwapitia nyumba kwa nyumba, akiwaambia wamwage chupa zake na waende wakapimwe. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine alimpa pole, na pole ile ilimuuma zaidi.

Katika nyumba ya mteja mmoja, fundi wa kupaka rangi, alimkuta mke peke yake, akifua. Yule mama alisikiliza bila kuacha kazi. Akauliza dalili zenyewe zikoje. Fundi Tone akazitaja: tumbo, mkono kulegea, hasira za ghafla, kusahau.

Yule mama akatoa mikono majini.

"Mimi nilisema ni uvivu," alisema. "Nilimfukuza."

Fundi Tone akamuuliza huyo mume alielekea wapi. Hakuna aliyejua. Wakabaki wamesimama pale, wawili, povu likipasukapasuka kwenye beseni.