Mpaka Anaoujua Jirani

Nakumbuka siku niliyokata ndizi zisizo zangu, na kwa kweli, mwanangu, nisingeifufua aibu hii kama usingenichosha na habari zako za wakili.

Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka ukimbizini Bujumbura, mimi kijana wa miaka ishirini na mitano, sina hata pa kutandika mkeka. Kiongozi wa komini, yaani serikali ya wilaya ya wakati ule, akagawa shamba la mjane mmoja, Mama Konsolata, hapa hapa Kabeza, wakati bado ni mashamba: nusu yake, nusu yangu. Mjane hakubisha. Aliomba kitu kimoja tu, avune kwanza ndizi alizopanda upande niliopewa. Nikakubali. Kesho yake nikaikata mikungu yote.

Wazee wakatuita, tukaketi kwenye nyasi. Mkubwa wao, mzee Gaspari, akaniuliza, "Nani alipanda?"

"Yeye. Lakini shamba iko yangu. Karatasi ninayo."

"Shamba iko yako, hakuna anayekunyang'anya. Ndizi iko ya nani?"

Nikawapungia karatasi yangu. Wakaamua nimrudishie ndizi, kisha nilete pombe tunywe wote, yaishe. Nilicheka! Nikawaambia hukumu yao haina muhuri. Nikaenda komini, nikashinda, nikarudi napiga mluzi. Mpumbavu mkubwa.

Miaka ikapita. Serikali ikaanza kuandikisha ardhi yote, kila mtu apate hati. Wapimaji walipofika, waliwataka majirani waonyeshe mpaka. Na jirani yangu alikuwa nani? Mama Konsolata. Yule kiongozi alishahama, karatasi yangu ilishaliwa na mchwa. Nikajua niko mikononi mwake. Angesema mpaka uko mlangoni kwangu, nani angembishia?

Akatembea polepole na fimbo yake, akapita pale nilipodhani ndipo mwisho wangu, akasimama hatua mbili mbele.

"Hapa," akasema. "Yake inafika hapa. Mimi niliona kamba ikivutwa siku ya kugawa."

Nilimfuata kumwomba radhi. Akaniambia, "Umechelewa sana," akaingia ndani. Jumapili nikapeleka ile pombe. Alikunywa, ndiyo, lakini hakucheka nami hata mara moja mpaka alipofariki.

Sasa wewe unataka kumshtaki mtoto wa mama huyo kwa ajili ya ukuta wa mpakani! Abunzi, wapatanishi wa mtaa, wamekuita mara tatu, hukwenda. Eti hawakusoma sheria! Hiyo hati unayonipungia usoni imetoka wapi, kama si mdomoni mwa mama yake?

Nenda, mwanangu, ukae nao. Mwache mwenzako aseme mpaka amalize, usimkatize kama unavyonikatiza mimi. Mkishindwa kabisa, mahakama ipo, sikukatazi. Lakini usianzie huko, wala usidhani aliyeshinda ndiye mwenye haki. Mimi nilishinda, na mpaka leo naona haya.

Mungu akupe masikio, maana mdomo tayari unao. Akujalie majirani watakaosema kweli juu yako, hata siku ambayo hustahili.