Siku Waliyomkata Baba Kampala

Juzi, katika mgahawa mmoja Kayanga, televisheni ilionyesha historia ya mashindano ya gofu ya kulipwa ya Kampala, tangu enzi ambazo Waafrika waliingia uwanjani kubeba mifuko ya wachezaji tu. Baba yangu alianza hivyohivyo, akajifunza kupiga, na mwaka mmoja akaandikishwa kucheza.

Siku ya pili ya mashindano hayo, nikiwa bado mtoto mdogo, mama alinishika mkono, tukashuka mbio kutoka nyumbani hadi sokoni Mabira, dukani kwa Mzee Salum, mwenye redio. Duka lilinukia mafuta ya taa na vitenge vipya. Redio ilikwaruza kwa Kiingereza, lugha ambayo sisi wawili hatukuijua.

"Shikamoo mzee. Wamemtaja?"

Mzee Salum alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaizima. "Pole, mama. Wamemkata. Kesho hayumo."

Mama alikaa chini sakafuni. "Basi harudi," alisema. "Aliapa kwamba akishindwa hatutamwona tena."

Mimi akilini niliona panga na damu. Nilimvuta kanga. "Mama, twende tukamfunge kidonda!"

Alinikumbatia hadi nikakosa pumzi, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, huku Mzee Salum akifunga mlango ili wapita njia wasichungulie.

Kwa miezi mingi nilimwombea baba apone. Sasa najua kwamba katika gofu, baada ya siku mbili, walio nyuma huondolewa, na kwa Kiingereza husemwa wamekatwa. Hakuna aliyemgusa. Baba alikuwa mzima kabisa, na mabasi ya kutoka Mutukula, mpakani na Uganda, yalikuja kila siku. Hakupanda hata moja.