Mfereji wa kupigiwa picha

Leo tumezinduliwa maji tuliyoyachota wenyewe mtoni.

Asubuhi mzee wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba. "Kina mama, kila mmoja mitungi miwili, tujaze tangi. Wakubwa wako njiani kufungua mfereji na bomba halijafika."

Tukabeba. Mimi na mwanangu mgongoni, anayeharisha wiki nzima kwa maji hayo hayo.

Wakaja, wakakata utepe. Mkubwa wao akajaza kikombe, akanipa. "Mnyweshe mtoto, mama. Maji safi haya."

Nikamrudishia. "Anza wewe, mheshimiwa."

Akacheka kidogo, akalitazama tangi, akakiweka kikombe chini.

Alijua, jamani. Na bado alitaka mwanangu anywe mbele ya kamera.

Nyinyi wa Garsen mjini, kwenu wamezindua nini?