Kobe wa Kuanzia

Binti yangu alipohamia Likoni, kwenye nyumba yenye ua wa mchanga, alinipigia simu. "Shikamoo mama. Mtu asiyewahi kufuga kobe aanze na kobe gani?" Nilijua anachokitaka. Alimtaka kobe wa marehemu babu yake, yule anayeishi uani kwangu hapa Frere Town, nami sikuwa tayari kumtoa. Baba aliacha kofia, bakora na kobe, na katika vyote hivyo ni kobe tu aliyemjua.

Basi nikampa hotuba ndefu ili nisiulizwe habari za huyo mmoja. Nikamwambia kasa amsahau kabisa, hata akiokota kitoto chake pale Shelly Beach. Huyo ni wa bahari, na beseni si bahari. Kobe wa maji matamu naye si wa kuanzia. Maji yake hunuka upesi, na anakula kila kinachopita mbele yake.

Hayo niliyajua kwa sababu ya bibi yangu. Nilipokuwa mdogo, baba alileta kobe wa maji kutoka dimbwi moja la Chaani, akamtia kwenye birika la saruji uani, lile la maji ya udhu. Bibi alikuwa na visamaki vyake humo vya kula viluwiluwi vya mbu. Baba aliona amempatia mgeni makao: maji, kivuli, na wenzake wa kumliwaza. Haukupita muda, wenzake wote wakawa tumboni. Bibi alipochota maji kwa kata akanusa, nyumba nzima ilijua. "Wallahi, utamtoa huyu sasa hivi! Mimi nitatawadhia mchuzi wa kobe?" Baba akamrudisha kobe dimbwini, kisha akalisugua birika huku bibi amekaa juu ya kigoda akimwonyesha palipobaki uchafu. Sijawahi kumwona baba mnyenyekevu vile.

Kobe wa pili baba alimuulizia kwanza. Alikuwa wa nchi kavu, wa jirani aliyekuwa akihama. Huyu hakutaka makuu: mchanga, jua, kivuli cha mwasumini na majani. Kila alasiri baba aligonga sufuria kwa upawa, na kobe akatoka kivulini kuja kula mchicha, pole pole, kama mtu anayejua chakula ni chake. Baba alipofariki, nikaendelea kugonga mimi. Sufuria ikilia, nyumba ilikuwa bado ina baba.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo wa kuanzia ni wa nchi kavu," akasema. "Kama wa babu."

Nilikuwa nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Akashughulikia kibali cha kumfuga, akaja na kasha la nyanya lililotandikwa gunia, akamchukua. Nilimfungia na mchicha wa njiani, nikatabasamu, na gari lilipoondoka nikaingia ndani kwa sababu ua ulinichukiza.

Siku chache baadaye simu ikalia. "Mama, kobe hali kitu. Tumempa mchicha, tumempa matango. Yuko nyuma ya pipa, hata kichwa hatoi. Naogopa atanifia."

Niliogopa pia. Lakini, Mungu anisamehe, kuna upande wangu uliofurahi: atarudi kwangu.

"Mmegonga sufuria?" nikauliza.

"Sufuria gani?"

Katika hotuba yangu yote sikuitaja sufuria. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Chukua upawa. Gonga kama babu yako: mara mbili za haraka, usite kidogo, kisha moja."

Nikamsikia akitembea, akifungua kabati. Kisha sufuria ikalia, mara mbili, na moja. Akagonga tena.

"Mama! Anakuja! Mama, upo?"

Nilikuwepo. Machozi yalikuwa yananiteremka mpaka kidevuni. Baba alikuwa amehamia Likoni.