Programu Nilizopika Dukani Mbinga

Aliyenitoa kwenye chama cha ushirika ni katibu, yule wa pikipiki ya bluu. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaanza kupanda hadi Maguu kufuata kahawa, yeye alikuwa wa kwanza kwenda kuwashikia mizani. Sisi mafundi wa mashine za kumenya kahawa alishatufungisha virago. Sijasahau.

Tajiri mmoja wa duka la madaftari, mtu wa asili ya Kilwa, akanichukua nikae na kompyuta yake ya kuchapia barua. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mashine ni mashine. Hiyo ilikuwa kuukuu, na Linux, mfumo uliokuwa unaiendesha, ilikuwa nzito: unabonyeza herufi, unasubiri itokee. Wateja walikuwa wanachoka, wanaondoka. Tajiri akaniambia kwa upole, na upole ndio ulionitisha, kwamba Ijumaa baada ya swala atakuja kuijaribu mwenyewe. Ikiwa bado inakokota anaiuza, nami nirudi Mpepai kulima.

Kwenye sidii iliyokuja na hiyo Linux programu zilikuwamo pia kama maandishi matupu, jinsi zilivyoandikwa na watengenezaji wake. Unayakompaili wewe mwenyewe, yaani unayageuza yawe programu, na unaitajia kompyuta aina ya prosesa, ule ubongo wake, ya kulingana nayo. Mtaalamu mmoja wa misheni akaniandikia mstari wa kutaja hiyo prosesa, akaapa kwamba mashine itakimbia. Nikauweka kama ulivyo. Kompyuta ikasaga Jumatatu nzima na Jumanne nzima. Jumatano nikafungua programu ya kuandikia, ikafa palepale, ikisema imepewa amri isiyoijua.

Mtaalamu alikuwa ameandika prosesa ya kompyuta yake, mpya kuliko yetu. Namlaumu. Lakini na mimi nimo, tena zaidi, maana kule ushirika niligombeza watu miaka yote kwa kosa hilohilo. Mtu anaazima mashine ya jirani, hagusi bamba linalopanua au kubana nafasi ya punje, anamwaga kahawa yake yenye punje nene, inatoka imepasukapasuka. Kule Litembo kila nyumba hurekebisha bamba kwa kahawa yake, ikijaribu kiganja kimoja cha punje kwanza.

Basi nami nikaanza na kiganja. Nikaiuliza kompyuta prosesa yake ni ipi, nikaandika hiyohiyo, nikakompaili kiprogramu kimoja kidogo. Kikaenda. Ndipo nikarudia ile ya kuandikia, safari hii nikiacha nje mapambo yote ambayo barua ya Mbinga haiyahitaji. Alhamisi jioni ikawa tayari.

Ijumaa tajiri akaja na kanzu yake, akaketi, akaandika jina la mke wake. Herufi zikafuatana na vidole. Akaongeza majina ya watoto, wote saba.

"Fundi, umeniletea nyingine?"

"Ni hiihii, Tajiri. Nimerekebisha bamba."

Hakuelewa, ila alicheka, akaniagizia chai na maandazi mawili.

Jumamosi mteja wa kwanza alikuwa katibu. Wanunuzi nao walikuwa wamemwacha, akataka barua ya kuomba kazi. Akaniangalia ninavyochapa, akasema mashine yenu ina mwendo.

"Ina mwendo, katibu," nikamwambia, nikamchapia bila kosa hata moja.