Zambeta Anasubiri Visiki Viamke

Zambeta Alefragi amepiga magoti juu ya majivu makavu ya volkano. Anafukua udongo kuzunguka kisiki kwa vidole viwili, polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Anatazama, anapuliza vumbi, anakifunika tena. Kisha anasogea kwenye kisiki kinachofuata bila kusimama, kwa magoti yaleyale.

Mwandishi anaona kitu cha kijani karibu na ukuta na kumwita.

"Hilo ni gugu, mwanangu," anajibu bila hata kugeuka. "Nalijua. Jana lilinidanganya na mimi."

Ni mwanzo wa Mei hapa Santorini. Mizabibu ya jirani, hata kama imedhoofika kwa kiu, ina majani ya ukubwa wa kiganja. Katika shamba hili la Alonaki hakuna jani hata moja. Kuna visiki tu, vimekatwa usawa wa ardhi, na upepo unaopita juu yake bila kitu cha kutikisa.

Zambeta ana miaka sitini na mitatu. Tangu akiwa msichana amekuwa mpogoaji wa familia ya Fytros, na aliyevikata visiki hivi ni yeye mwenyewe.

Kisiwani hapa mzabibu hauachwi usimame, kwa sababu upepo utaung'oa. Kila kipupwe, ambacho huku huanza Desemba, mpogoaji hukata matawi dhaifu na kuyazungusha yale imara chini kabisa, yakasukwa kuwa kikapu. Zabibu hukaa ndani ya kikapu hicho, zimejikunyata, zikinywa umande unaotoka baharini. Kikapu huongezeka mwaka hadi mwaka mpaka kinazeeka. Hapo hukatwa chote kwa msumeno, na mzizi wa chini, ambao hakuna aliye hai anayejua umri wake, hutoa chipukizi jipya. Mpogoaji anaanza kusuka upya.

Watu wa hapa huita kazi hiyo kumvua mzee kofia.

"Si kuua," anaeleza Zambeta, akikung'uta magoti. "Ni kama kumnyoa mtu. Lakini kuna masharti yake. Mzee Nomikos alitufundisha, na mimi niliyasikia vizuri sana, wala usidhani nilisahau."

Mzee Nomikos Fytros, baba wa mwenye shamba wa sasa, amefariki. Alikuwa wa kwanza kijijini kukataa kuwauzia wafanyabiashara wa bara mvinyo wake kwa mapipa. Aliutia kwenye chupa, akachimba pango kwenye kilima, akazilaza chupa humo na kusema hazitaguswa kwa miaka ishirini. Wanakijiji walimcheka mpaka mbavu zikawauma. Walisema Nomikos anazika mvinyo kama maiti.

Miaka ishirini ilipotimia alizifungua uani, akawaita walewale waliomcheka. Mvinyo uliokuwa mkali kama ndimu ulikuwa umetulia, una ladha ya asali na chumvi. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Leo kila nyumba ya mvinyo kisiwani ina pango lake, na kila moja inajidai ilianza zamani.

Mvinyo ule ulitoka hapa, Alonaki.

Masharti ya mzee yalikuwa mepesi kuyakumbuka. Vua kofia chache tu kila mwaka, usivue zote. Tena usivue kabla mvua ya kipupwe haijalowesha udongo mpaka chini, kwa sababu mzizi wenye kiu hauna nguvu ya kuanza upya.

Mavuno ya mwaka juzi yalikuwa nusu ya kawaida. Ya mwaka jana hayakujaza hata pipa moja. Vikapu vilikuwa vizee, vimechoka, na Zambeta akaamua kuvivua vyote kwa mpigo, shamba zima.

Si kwamba hakuonywa. Stratos, mtaalamu wa kilimo kijana aliyetoka Athens, alimfuata shambani asubuhi ya kwanza ya kukata. Mume wake Zambeta, Frangeskos, aliyekuwa akikusanya matawi, anayakumbuka mazungumzo yale neno kwa neno, na anapenda kuyarudia.

"Mama Zambeta, kata mstari mmoja tu mwaka huu, tuone," Stratos alisema.

"Kijana, wewe mizabibu umeisoma. Mimi nimezeeka nayo."

"Basi tuchimbe kidogo tuone unyevu umefika wapi."

"Chimba wewe, una mgongo mpya. Mvua ya juzi hukuisikia? Au ulikuwa umelala na vitabu?"

Mvua ya juzi ilikuwa ya kweli. Ilinyesha usiku kucha mwezi wa Januari, na Zambeta alipoingiza mkono udongoni aliutoa umelowa. Akaamini. Mvua ile haikurudi tena.

"Asiyesikia la mkuu," anaanza Frangeskos.

"Maliza, maliza, guu langu hilo hapo," Zambeta anamkatiza. "Mwanamume gani anayejua methali moja tu maisha yake yote?"

Wanacheka wote wawili, kisha kicheko kinakatika ghafla na kila mmoja anatazama upande wake.

Kwa kazi ya kupogoa analipwa yuro sitini kwa siku, wiki chache tu kwa mwaka. Hilo halimsumbui, anasema, kwa kuwa dengu na nyanya za bustani yake zinatosha watu wawili wasio na meno mengi. Kinachomla ni kitu kingine.

"Nilikuwa na tamaa," anasema. "Watu wanafikiri nilikosea hesabu ya mvua. Si hivyo. Magoti yangu yanaisha. Vikapu vile vilisukwa na bibi yangu na wenzake, mimi nilikuwa naongezea tu juu. Nilitaka shamba zima lisukwe na mikono yangu tangu chini, nilione kabla sijaacha kazi. Ningekata kidogo kidogo nisingewahi. Ndiyo maana nilimtukana yule mtoto. Alikuwa anasema kweli, na mimi nilikuwa na haraka."

Stratos bado hupita kila Ijumaa. Humletea andazi la jibini lililofungwa kwenye karatasi, humuuliza habari za magoti, kisha huondoka. Hajasema neno kuhusu Alonaki.

"Angenitukana ningepona," anasema Zambeta.

Vikapu vilivyokatwa vilirundikwa kando ya lango. Mwezi uliopita mtu wa hoteli moja alivipenda, akaomba achukue vichache, na Kalliroi Fytros, binti wa marehemu Nomikos, hakuwa na sababu ya kumkatalia. Frangeskos alipopeleka nyanya kwenye hoteli hiyo alivikuta vinaning'inia darini, kila kimoja kimewekewa taa ndani.

"Nikamwambia, mke wangu, vikapu vyako vimepanda cheo, sasa vinalala hotelini, pazuri kuliko sisi," anasimulia. "Akanirushia mkate mkavu. Unajua mkate wetu wa shayiri ulivyo mgumu? Ulinipiga hapa."

"Ningekuwa na jiwe ningerusha jiwe," anasema Zambeta.

Kalliroi ndiye anayeendesha nyumba ya Fytros sasa. Anampokea mwandishi ndani ya pango la baba yake, ambako chupa zimelala safu kwa safu. Anagusa safu ya mwisho upande wa kushoto. Ni mvinyo wa Alonaki wa mwaka juzi, chupa za mwisho za shamba hilo, kwa kuwa mavuno ya mwaka jana hayakutosha kulazwa.

"Huu utakuwa tayari nikiwa bibi," anasema. "Utakuwa mzuri, nimeuonja. Mtu ataunywa na ataniuliza, mama, shamba lake liko wapi? Nimwambie nini? Liko chini ya bwawa la kuogelea?"

Mnunuzi amekwisha kupatikana. Anataka kujenga hoteli Alonaki kwa sababu inatazama bahari, na wageni hulipia bahari hata wakiwa wameipa kisogo kujipiga picha. Kalliroi anasema akiliuza hilo ataweza kuyabakiza mashamba yake mengine mawili na pango. Asipoliuza, baada ya mwaka mwingine wa ukame vyote vitakwenda.

"Kama lingekuwa na majani ningempeleka mnunuzi huyo jehanamu," anasema. "Visiki siwezi kuvitetea. Mama Zambeta ameniomba nisubiri mpaka Pentekoste ipite. Ninasubiri kwa heshima yake tu, mimi mwenyewe sitegemei kitu."

Aliulizwa kama anamlaumu Zambeta.

"Alinifundisha kutembea katika shamba lile," akasema. "Nimlaumu halafu iweje?"

Zimebaki wiki tatu. Stratos, alipobanwa na maswali, alikiri kwamba mzizi mzee huweza kulala hata mwaka mzima kabla ya kuchipua. Aliongeza kwamba hajapata kuona shamba zima likifanya hivyo, akaomba Zambeta asiambiwe hiyo sehemu ya kwanza.

Zambeta anaijua tayari. Ndiyo inayompeleka shambani kila asubuhi, na kila mchana anarudi na kucha zilizojaa majivu.

Nyumbani kwake, juu ya meza ya jikoni, kuna mfuko wa ngano. Jumamosi ya kuamkia Pentekoste ni siku ya wafu. Kila familia huloweka ngano usiku, huichemsha na kuichanganya na zabibu kavu na sukari, kisha huipeleka kanisani, padre akayasoma majina ya marehemu wao. Zambeta hupika sahani moja kila mwaka, ya wazazi wake. Safari hii mfuko ni mkubwa.

"Sahani mbili," anasema. "Ya wazazi, na ya Alonaki."

"Padre atakufukuza," anasema Frangeskos. "Atakuuliza jina la marehemu."

"Nitamwambia Alonaki. Amelinywa kwenye mvinyo miaka thelathini, atashindwa kulitaja mara moja?"

Frangeskos anausogeza mfuko wa ngano pembeni ili apate pa kuweka kikombe chake cha kahawa. Zambeta anaurudisha pale ulipokuwa.

Mwandishi anauliza mipango yake ni ipi baada ya hapo. Zambeta anafunga kitambaa chake kichwani na kutafuta viatu vya shamba.

"Ngano nimekwisha kununua," anasema, akiwa tayari mlangoni. "Lakini sijailoweka."