Jawabu la Ijumaa

Mwalimu Abdulhalim alikuwa anajua. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angekuwa mgeni wa Pwani kama mimi, ningesema hakujua, na ningemsamehe. Lakini alizaliwa Malindi, akakulia Malindi, na wiki ile ile alikuwa na jambo lake mwenyewe analolisubiri kwa desturi hiyo hiyo aliyoikanyaga.

Zuleikha binti Mbaruk nilimjua mwaka 1986, tulipoanza pamoja masomo ya uandishi wa habari. Chuo chetu kilikuwa vyumba viwili tu juu ya duka la vipuri vya magari mjini Malindi. Madawati yalikuwa ya kuazima, taipureta zilikuwa na herufi zinazokwama, na mwalimu alikuwa mmoja, Abdulhalim, ambaye pia alikuwa ripota wa gazeti fulani la Nairobi. Mimi naitwa Jedida. Baba yangu alitoka Nyeri kuja kupika katika hoteli za ufukweni, tukapanga nyumba Gede. Zuleikha yeye alikuwa wa Shela, katika mji wa kale wa Malindi, na ukoo wao asili yake ni Lamu. Jamaa zake walinung'unika sana alipotaka kusomea kazi ya kuulizauliza watu mambo yao. Aliyekata kauli aende ni babake, maana binti huyu tangu mdogo hakukubali habari nusu. Ukimwambia fulani kaoa, atakuuliza mashahidi walikuwa nani.

Basi tukafundishwa. Nani, nini, wapi, lini, kwa nini, vipi. Jambo kubwa liwe juu, dogo liwe chini, kwa sababu mhariri akikosa nafasi hukata kuanzia mwisho. Andika kilichosemwa, si unachodhani kimesemwa. Mwalimu alilirudia hilo kila asubuhi, huku akigonga ubao kwa kipande cha chaki. Zuleikha alilimeza lote. Alikuwa mwanafunzi mgumu wa kuchoka, na siku za mwanzo alimwamini mwalimu wake kama anavyomwamini babake.

Karibu na Watamu kulikuwa na kijiji alimoishi Harusi, shangazi yake Zuleikha. Huyu shangazi ndiye aliyemlea Mwanatumu, dadake mkubwa Zuleikha, mama yao alipokuwa mgonjwa. Kijiji kile kilikuwa na kisima kimoja cha maji matamu. Vingine vyote maji yake ni ya chumvi, ukipikia chai inakataa. Sasa kiwanja chenye kisima kile kilikuwa kimenunuliwa na mtu aliyetaka kujenga hoteli, naye alitaka kukizungushia ukuta. Wanakijiji waliambiwa watawekewa bomba barabarani. Lini, hakuna aliyesema.

Jumanne D.O., yaani mkuu wa tarafa, akaitisha baraza, na Mwalimu akatuchukua mimi na Zuleikha tukajifunze kazi. D.O. alizungumza kwa kirefu juu ya maendeleo na watalii. Watu walimsikiliza kwa adabu, wanaume mbele, wanawake nyuma. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyepaza sauti. Alipomaliza, Mzee Mahadhi, msemaji wa kijiji, akasimama.

"Mheshimiwa, tumekusikia," alisema. "Tutakaa tushauriane, na jawabu tutakuletea."

Kisha ikaja kahawa, ikaja halua, D.O. akasindikizwa mpaka kwenye gari lake. Mimi kwa macho yangu ya bara niliona mambo yamekwisha, watu wamekubali. Nikamwambia Zuleikha hivyo tukiwa njiani kurudi. Akacheka, akanieleza kwamba kwao mgeni hakataliwi uani kwako huku ameshika kikombe chako. Anasikilizwa, anakirimiwa, anaondoka. Wenyewe wanakaa kitako wanashauriana, halafu Ijumaa baada ya sala anatumwa mtu na jawabu, la kukubali au la kukataa. Kabla ya hapo hakuna aliyesema ndiyo wala hapana.

"Hata posa ni vivyo hivyo," aliniambia. "Muulize Mwalimu."

Ndipo nikajua kwamba Mwalimu Abdulhalim, aliyekuwa amefiwa na mkewe, alikuwa ameshatuma wazee nyumbani kwa kina Zuleikha kumposa Mwanatumu. Wazee wale walipewa kahawa, wakaambiwa maneno yao yamesikiwa, wakaenda zao. Jawabu lilikuwa la Ijumaa ile ile. Zuleikha alinong'ona kwamba dadake ameridhika, na hata nguo za kuvaa siku ya nikahi alishaanza kuzifikiria. Mwalimu mwenyewe alikuwa akisubiri kwa utulivu, kama mtu anayeijua desturi yake.

Zuleikha akaandika habari yake. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba wakazi wameombwa waache kisima chao na kwamba watatoa jawabu Ijumaa. Aliandika safi, nani na nini na lini, na maneno ya Mzee Mahadhi akayaweka vile vile yalivyotoka. Mwalimu akaisoma akiwa amesimama, akatoa kalamu nyekundu, akaikata sentensi ya kwanza yote. Alisema habari haiwezi kuwa jambo ambalo halijatokea. Alisema mhariri hatangoja Ijumaa ya wanakijiji. Akaketi mwenyewe kwenye taipureta, akaandika upya, akaenda posta kuisoma kwa simu mpaka Nairobi.

Alhamisi gazeti likafika na basi la mchana. Kichwa cha habari kilikuwa kifupi: wanakijiji wakubali kuacha kisima. Chini yake D.O. alisema hivi na vile, na wakazi, kwa mujibu wa gazeti, walishangilia na kumkirimu kwa kahawa na halua. Ile kahawa, jamani! Adabu ya watu iligeuzwa sahihi ya kukubali. Jina la Mzee Mahadhi halikuwamo, wala neno jawabu.

Nimewahi kuona watu wenye hasira, lakini Zuleikha siku hiyo alinitisha kwa sababu hakupandisha sauti. Aliinuka darasani, gazeti mkononi, akamtaka Mwalimu aende posta sasa hivi apige simu, gazeti litoe sahihisho kesho asubuhi, kabla Mzee Mahadhi hajafika ofisini kwa D.O. Mwalimu akasema kuomba sahihisho ni kujichongea. Kwamba wahariri wakishajua umekosea mara moja, hawatakuamini tena. Kwamba, kwa vyovyote vile, ukuta ungejengwa tu. Alisema hayo yote kwa uso mkavu, yule yule aliyekuwa akigonga ubao akituambia tuandike kilichosemwa.

"Mwalimu, niwie radhi," Zuleikha akamwambia. "Wazee wako nao walikunywa kahawa yetu. Basi niandike kwamba dada yangu ameshaolewa?"

Mwalimu aliiweka chaki mezani, akaiokota tena.

"Hayo ni ya nyumbani, mwanangu," akasema. "Hii ni kazi."

"Kisima nacho ni cha nyumbani."

Mwalimu akafuta ubao, akaanza somo la vichwa vya habari. Nakwambia kweli, alianza somo la vichwa vya habari, na sisi wengine tukatoa kalamu zetu tukaandika. Zuleikha alikunja gazeti lake, akavuta buibui lake vizuri, akashuka ngazi kwenda kwao Shela.

Ijumaa baada ya sala Mzee Mahadhi alivaa kanzu yake, akaenda ofisini na jawabu la kijiji, na jawabu lilikuwa hapana. D.O. akamsogezea gazeti mezani. Alimwambia kwamba yeye binafsi angefurahi kuwasikiliza, lakini jambo limeshatangazwa nchi nzima, kibali ameshakitia sahihi kwa kuona wenyewe wameridhia, na hawezi kuwa na kijiji chenye kauli mbili. Kauli mbili! Watu walitoa kauli moja tu, siku yake, kwa njia yake, wakaambiwa ni ya pili. Mzee Mahadhi alirudi kwa miguu. Shangazi Harusi aliwahadithia kina Zuleikha kwamba aliketi barazani akavua kofia yake tu. Wiki iliyofuata mawe ya ukuta yakashushwa.

Zuleikha alimaliza masomo, kwa ukaidi nadhani zaidi ya mapenzi. Alikataa barua ya sifa kutoka kwa Mwalimu, akajitafutia kazi mwenyewe katika gazeti la Kiswahili Mombasa. Huko walimpa jina la Bi Bado, kwa sababu kila akiharakishwa na mhariri alijibu kwamba wenyewe bado hawajajibu. Walimcheka, na mara nyingi habari zake zilichelewa zikatupwa. Hakubadilika. Mimi niliacha kazi hiyo mapema, sina kifua kama chake.

Lakini nimeruka jambo moja. Ijumaa ile, saa ile ile Mzee Mahadhi alipokuwa ofisini kwa D.O., mjumbe mwingine alitoka Shela kwenda nyumbani kwa Mwalimu Abdulhalim. Mwalimu alikuwa amefagia ua, amechoma udi, na wazee wake walikuwa wameketi kungoja kheri. Mwanatumu alikuwa amelisoma gazeti usiku uliotangulia, akarudi kwa babake akasema hamtaki. Mjumbe akasalimu, akanywa kahawa, akalitoa jawabu kwa upole kama inavyotakikana. Mwalimu alipouliza sababu, aliambiwa sababu haikutumwa.

Nasikia alilia. Nami namwambia, popote alipo, kwamba yeye ana bahati. Aliulizwa mtu, mtu akangojewa, na hapana yake ikaletwa mlangoni kwa heshima zote, naye akaikubali ilivyo. Hapana ya kina shangazi Harusi haijachapishwa mpaka leo, na maji wanachota ya chumvi.